Besi ya Kibenga

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi, na sina haja ya kugawana ujinga huo na mtu. Ni kweli Aboubacar ndiye aliyening'oa jino, lakini jino hilo nililipeleka mwenyewe mpaka Kibenga, nimekumbatia mashine ya marehemu baba kama mtu anayemkimbiza mtoto kliniki.

Katika maisha yangu nimepigwa sehemu nyingi. Nimepigwa sokoni na mama muuza ndagala, dagaa wa ziwani, kwa ungo wake mwenyewe, ndagala wakiwa bado ndani. Nimepigwa harusini Carama na baba wa bwana harusi kwa sababu spika zangu zilizima katikati ya hotuba yake, kisha zilipowaka nikapigwa tena, safari hii na wageni waliokuwa wameanza kufurahia ukimya. Kwa hiyo nikisema sijawahi kuona kipigo kama cha Jumapili ile, uniamini. Ninavyo vya kulinganishia.

Na ugomvi wenyewe haukuwa wa mwanamke wala wa kiwanja. Ulikuwa wa muziki. Kuna huduma mbili za kusikiliza muziki mtandaoni, zile za ubora wa juu, za watu wanaosema wanasikia kidole cha mpiga gitaa kikitoka jasho. Swali lilikuwa: ipi inatoa sauti safi zaidi? Majina yake sitayataja, wenyewe hawajanikosea kitu. Moja alama yake kwenye simu ni nyeusi, ya pili ni ya buluu, na sisi tuliziita hivyo hivyo, Nyeusi na Buluu.

Pontien alikuwa mtu wa Nyeusi. Tulisoma naye darasa moja. Leo yeye ni mkubwa katika ofisi moja ya serikali, ana nyumba Kibenga, karibu na ziwa, na sebuleni ana spika mbili ndefu kumzidi mkewe Elsa. Huduma hizi zote mbili ukiziambia unatoka Burundi zinakuomba radhi kwa adabu na kukufungia mlango, basi Pontien alijiandikisha kwa anwani ya shemeji yake wa Lyon. Mimi niliingia Buluu kwa mgongo wa binamu yangu wa Dubai, kwenye akaunti ya familia. Ndiyo maana kila nikifungua simu ninapendekezewa nyimbo za kulia za mke wa binamu.

Tulibishana mpaka vifurushi vya intaneti vikawa vinaisha kwa ubishi kabla ya muziki.

"Nyeusi iko na biti ishirini na nne," Pontien alikuwa akisema.

"Na Buluu iko nazo."

"Za kuvuta! Wanachukua faili ndogo, wanaivuta kama chapati."

"Nani amekuambia?"

"Masikio yangu."

"Yale yale hayamusikiagi Elsa akikuita kufunga geti?"

Alicheka, lakini kwa meno tu. Pontien ukimgusa masikio umemgusa ukoo.

Siku moja akanipigia simu. "Écoute, sikiliza, Shakuru. Leta mashine ya mzee wako Atumani, tujaribu kwa haki. Nyeusi ikishinda, mashine inabaki kwangu. Buluu ikishinda, spika zangu zinahamia kwenu Buyenzi."

Nikasema sawa. Usiniulize kwa nini. Niliziona zile spika ndefu zimesimama mlangoni kwetu na majirani wamejaa, na picha hiyo ikanipofusha.

Mashine yenyewe uifahamu. Ni amplifaya ya zamani, ya taa, zile chupa za kioo zinazowaka ndani rangi ya chungwa. Baba alipigia nayo harusi za Buyenzi yote mpaka alipofariki. Plagi yake ni ya miguu miwili, mwili wake ni bati tupu. Sasa mwenye mashine ni mama yangu, Khadidja. Mama sikio lake moja lilikufa kwa ugonjwa, na la pili halisikii redio ndogo wala simu. Linasikia mashine hiyo, na mtu akiongea kwa nguvu karibu nalo, basi. Kila alfajiri baada ya swala anaiwasha, anaegemeza sikio lake zima karibu na spika, na anasikiliza Kurani kutoka redioni. Anasema kwenye simu msomaji anasoma akiwa amefungiwa ndani ya kopo, lakini kwenye mashine ya baba anasoma amesimama. Ukimwondolea mama ile mashine, umemfungia dunia nzima nje. Mimi nilijua hivyo. Na ndiyo niliyoiweka rehani.

Kabla ya kuiwasha mama ana desturi moja. Nyuma ya mashine kuna skrubu, na kutoka kwenye skrubu unakwenda waya wa kijani, unapita dirishani mpaka kwenye bomba la maji uani. Mama huukagua kila siku. Ukilegea, anaukaza kwa koleo la baba. Tangu utoto nilijua kuwa ule waya ni antena ya redio.

Jumapili ile mama alikuwa ameitwa kwenye akika kwa jirani. Nikaingia ndani kama mwizi wa nyumbani kwao. Nikaufungua waya wa kijani, nikauacha unaning'inia dirishani. Sisi tunakwenda kupiga muziki wa intaneti, antena ya nini?

Nje alikuwa ananisubiri Aboubacar, mtoto wa baba yangu mdogo. Ni fundi magari, mikono yake ukiiona unadhani ni jeki mbili zimevishwa shati. Yeye ndiye aliyekuwa na gari lenye mafuta kidogo, na ndiye tuliyemchagua kuwa hakimu, kwa sababu hana upande. Kwake muziki mzuri ni injini ya dizeli ikishika asubuhi.

"Na kula kuko?" aliniuliza.

"Elsa amepika."

"Basi twende kwenye haki."

Tulipofika Kibenga umeme ulikuwa umerudi muda huo huo baada ya kupotea tangu asubuhi, na Pontien alikuwa miguu mitupu kwenye vigae vyake vinavyong'aa, chupa ya bia mkononi, amejaa furaha. Tukaiweka mashine juu ya meza ya chini, tukafunga spika, nikachomeka ukutani. Nilipoligusa bati lake, ikaning'ata kidole. Kidogo tu, kama siafu.

"Imenikumbuka," nikasema.

Tukacheka. Watu wazima watatu, tukacheka.

Elsa ndiye aliyepewa kazi ya kubadilisha simu. Simu yangu ilikuwa na Buluu, simu ya Pontien ilikuwa na Nyeusi. Ya Pontien ilikuwa karibu kuzima kwa ule umeme uliopotea, ikabidi iwe kwenye chaja inapopiga. Tulitumia waya, kwa sababu Pontien anasema muziki wa hewani unakamuliwa kama nguo ya kufua. Wimbo ulikuwa mmoja pande zote mbili, mwanamke anaimba na gitaa moja, basi. Aboubacar akakalishwa katikati ya kochi, Elsa akamfunga macho kwa kipande cha kitenge, fundo la nguvu.

"Ya kwanza," Elsa akasema, akapiga Buluu.

Aboubacar alisikiliza, ameinamisha kichwa kama anatafuta inapovuja oili.

"Ya pili."

Nyeusi ikaingia. Na kweli, nami nilisikia. Chini ya sauti ya yule mwanamke kulikuwa na kitu kizito, kinavuma polepole, kinakushika tumboni.

"Hii," Aboubacar akasema.

"Hii nini?"

"Hii iko na tumbo. Ile ya kwanza ni tamu, lakini iko na njaa. Hii chini kuna kitu kinavuma. Hata yule mama akinyamaza, chenyewe kinaendelea."

Pontien aliruka. "Pumzi ya studio! Nilisema! Ni pumzi ya chumba walimorekodia! Buluu wanaikata ili kupunguza faili!"

Elsa akachanganya mara hii na mara ile, bila mpango, na kila mara yule mzee wa dizeli akachagua Nyeusi. Hakukosea. Pontien alikwisha kuondoa vyombo vya Elsa kwenye rafu, anapima kwa viganja mahali pa kuiweka mashine ya baba.

Hapo ndipo nilipomwona mama, akilini. Nilimwona alfajiri, ameketi, sikio lake limeelekea mahali patupu. Na mtu aliyeshindwa, akiogopa, mdomo wake hutafuta mtu wa kumtupia.

"Elsa ameongeza sauti," nikasema.

Elsa akageuka. "Mimi?"

"We. Inayopigwa kwa nguvu kila mutu anaiona nzuri, mi ni mutu wa harusi, najua mambo haya. Umemuona bwana yako anashindwa, umemuongezea. Nyumba hii nzima inaishi kwa kudanganya."

Pontien aliiweka chini sahani aliyokuwa ameishika. "Rudia."

"Nyumba nzima," nikasema, "mpaka na yule shemeji wa Lyon."

Ngumi ilinikuta kwenye pua kabla sijafunga mdomo. Nilisikia kitu kikivunjika ndani, kama mtu amekanyaga biskuti, na damu ikateremka joto mpaka kidevuni. Nikamwingia kwa kichwa, tumboni. Tukaangukia meza ya kioo iliyokuwa kando, ikapasuka chini yetu. Kipande kikaingia kiganjani mwangu, na bado nikakitumia kiganja hicho kumshika koo. Pontien aliniuma bega. Hakuuma kama watu wanaotisha, aliuma kama mtu mwenye njaa, nikasikia meno yake yakikutana ndani ya nyama yangu. Nikapapasa kitu cha kushika, nikapata sikio. Nikavuta. Nikavuta mpaka chini ya ndewe ngozi ikaachia, akapiga kelele ambayo nina hakika hakuna huduma inayoweza kuipitisha bila kuikata. Kochi jeupe la Elsa likapata madoa ambayo mpaka leo hayajatoka.

Sasa, Aboubacar. Aboubacar alikuwa bado amefungwa macho. Alijaribu fundo, likamshinda, na kwa kuwa anasikia watu wanachinjana mbele yake, akaamua kusaidia hivyo hivyo gizani. Akanyoosha jeki ya kulia. Ikanikuta mdomoni. Nililisikia jino likigonga kigae na kwenda zake chini ya kabati.

"Nani huyo?" akauliza.

"Ni mimi, Shakuru!"

"Nani amekupiga?"

"We!"

"Pole," akasema, na akampiga Pontien ili tuwe sawa. Pontien akarudi nyuma na kukipiga kichwa kwenye spika yake ndefu. Spika ikalala, ikalalia chupa za bia zilizokuwa sakafuni, zote zikapasuka. Bia ikamwagika, ikatapakaa kwenye vigae, ikamlowesha Pontien kuanzia kifuani mpaka unyayo. Elsa alikuja na mti wa kupangusia sakafu. Hakuchagua upande. Aliupiga mgongo uliokuwa juu, na tukipinduana anaupiga uliokuja juu. Nilikinga kwa mkono, kidole changu kidogo kikageukia upande ambao vidole haviendi.

Na wakati wote huo wimbo unaendelea. Yule mwanamke anaimba taratibu na gitaa lake, na chini kitu kinavuma.

Pontien alijitoa mikononi mwangu, akatambaa kwa magoti juu ya vioo na bia, akaifikia mashine. "Yangu!" alipiga kelele. "Nimeshinda, ni yangu!" Akasimama kwa miguu yake mitupu ndani ya ile bia na kuikumbatia kwa mikono miwili.

Mashine nayo ikamkumbatia.

Sijui nikueleze vipi. Alikakamaa wima. Macho yakageuka meupe. Meno yakawa yanagongana haraka kuliko binadamu anavyoweza kugonganisha meno, na sauti ikamtoka, si kelele, ni mvumo, sauti ile ile ya chini, sasa inatoka kifuani mwake. Vidole vilikuwa vimeshika bati na haviachii. Kukaanza kunuka nyama.

Mimi nilimrukia nimvute. Aboubacar kitenge kilikuwa kimemshuka puani, jicho moja liko wazi, akaona. Alinipiga teke la kifua lililonirusha mpaka mlangoni. "Usimuguse! Utabakia naye!" Kisha akanyakua kigoda cha mbao na kuipiga mikono ya Pontien kwa nguvu zake zote, mara nyingi, kama anavunja kuni, mpaka mfupa wa kifundo ukalia na vidole vikaachia. Pontien akaanguka chali. Aboubacar akaing'oa plagi pamoja na tundu lake la ukutani.

Muziki ukakatika. Kibenga yote ikawa kimya.

Pontien hakuwa anapumua. Elsa alitupa mti wake, akamkalia kifuani, akawa anamsukuma kwa viganja huku akimtukana kwa Kirundi, jina lake na la mama yake na la Nyeusi. Mimi nilipiga magoti kando yao, damu yangu inamdondokea rafiki yangu usoni. Nilimwambia Mungu achukue spika, achukue mashine, achukue Buluu na Dubai yote. Kisha Pontien akakohoa, akatapika bia, akafungua macho. Akaniangalia. Midomo ikatikisika, nikainama kumsikiliza, nikidhani anaomba msamaha au anaaga.

"Nyeusi," akasema.

Elsa akamzaba kofi. Akanizaba na mimi. Aboubacar akarudi nyuma hatua moja, kwa akili.

"Beba hiyo mashine," Elsa akaniambia. "Sasa hivi. Inarudi kwa mwenyewe, na nyinyi wote mutamueleza."

Tulipitia dispensari. Muuguzi alimshona Pontien ndewe, akamfunga viganja vilivyoungua na kifundo kilichovunjika, akampima moyo na kumpima tena, akanifunga kidole na kunijaza pamba puani. Akauliza ilikuwa ajali ya gari au ya pikipiki. "Ya muziki," Elsa akajibu.

Tulipofika Buyenzi mama alikuwa amekwisha kurudi. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake, ameielekea rafu tupu, kitambaa cha kufutia mashine kiko mapajani. Sijawahi kupigwa ngumi kama ile.

Aboubacar aliirudisha mashine mahali pake. Mama akainuka, akaipapasa juu, akanusa vidole vyake, akajua ni bia. Aliniangalia mdomo usio na jino, pua, kidole, bega. Akamwangalia Pontien na bandeji zake. Akaanza kuifuta.

Ungedhani tumejifunza. Lakini Pontien ni mtu wa ofisi, jambo lisilopigwa muhuri halilali.

"Mama Khadidja," akasema, anaongea kwa nguvu upande wa sikio zima, "samahani kwa yote. Lakini tulikubaliana na mtoto wako, na mi nimeshinda. Aboubacar ni shahidi."

"Apana, Mama!" nikadakia, hewa inapita kwenye pengo. "Hakushinda! Elsa aliongeza sauti!"

"Taja jina langu tena," Elsa akasema, na nikaliacha.

"Nilichagua ile yenye tumbo," Aboubacar akasema. "Mi sina kesi na mutu."

"Buluu ni safi zaidi, Mama, ni vile tu..."

"Safi ya hospitali! Haina uhai!"

"Uhai uko nao we? Ulikuwa maiti saa hii!"

Pontien akasogea karibu na mama, akapiga goti kwa shida, bandeji zote mbili juu kama mtu anayeomba dua. "Mama, we umeishi na muziki kutuzidi sisi wote. Sema we mwenyewe. Kuna besi ya chini, inavuma, inavuma tu, hata mwimbaji akinyamaza haikatiki, unaisikia mpaka tumboni. Buluu haina. Kuna huduma gani nyingine inaweza kutoa besi kama ile?"

Mama alimaliza kufuta. Akanyoosha mkono dirishani, akauvuta ule waya wa kijani uliokuwa unaning'inia, akamwekea Pontien ncha yake juu ya bandeji.

"Hiyo huduma niko nayo hapa, mwanangu, na silipi mwezi," akasema. "Huu waya nikiufungua, na kinachopiga kikiwa kwenye umeme, inavuma mpaka kesho. Nikiufunga kwa bomba, umeme unashuka ardhini, inanyamaza, na wageni wangu wanarudi kwao wazima."